Amina: Jina la Biryogo na maneno ya Kiingereza yanayofanana nalo

Mtoto wa kike aitwaye Amina katika mtaa wa Biryogo, jijini Kigali, hulisikia jina lake kutoka kila upande kabla hajajua kuliandika. Nyumbani huitwa kwa Kinyarwanda, dukani kwa Kiswahili, na madrasa humfundisha kwamba jina hilo ni la Kiarabu. Siku ya Jumapili hulisikia pia kutoka kwa majirani Wakristo, ingawa hao hawamwiti yeye, wanahitimisha sala. Kisha huanza shule, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, na huko hukutana na kundi la maneno yanayofanana na jina lake kwa herufi au kwa sauti: "amen", "amine", "amino", "examine", "amenity", "arena", "hyena".

Katika kundi hilo, neno moja tu ni ndugu wa kweli wa Amina. Mengine yamefanana nalo kama wapita njia wawili waliojifunga kanga za doti moja.

Kuyatenganisha si mchezo wa wapenda kamusi peke yao. Mwanafunzi wa lugha ngeni hutundika maneno mapya kwenye maneno anayoyajua tayari, na hakuna neno ambalo mtoto hulijua mapema kuliko jina lake. Akitundika kwenye msumari usio sahihi, kosa hukaa naye. Zaidi ya hayo, jina linaloandikwa kwa kufuata sikio la mgeni huweza kubadilika herufi moja darasani, na herufi hiyo moja ikamfuata mwenyewe hadi kwenye cheti cha mtihani na pasipoti.

Mtaa wa lugha nne

Biryogo iko katika wilaya ya Nyarugenge, kwenye mteremko unaotoka katikati ya mji kuelekea Nyamirambo. Wageni wengi wa siku hizi huifahamu kwa barabara iliyopakwa rangi na kufungiwa magari tangu 2021, ambako watu huketi nje kwa chai na chakula hadi usiku. Wenyeji huifahamu kwa jambo la kale zaidi: ni mojawapo ya maskani makuu ya Uislamu na ya Kiswahili nchini Rwanda.

Chanzo chake ni enzi ya Wajerumani. Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, walikuja askari, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani na bara ya Tanzania ya leo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji waliochukua utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliwatengea watu hao makazi yao wenyewe, na kwa miongo mingi kuitwa Mswahili mjini Kigali kulikuwa karibu sawa na kuitwa Mwislamu. Majina kama Amina, Hamisi, Zaina na Ramadhani yalikuwa kitambulisho kilichosikika kabla mtu hajaonyesha karatasi yoyote.

Lugha za serikali nazo zikabadilika juu ya vichwa vya wenye majina hayo. Kifaransa kilikuja na Wabelgiji. Katiba ya 2003 ilikitaja Kiingereza pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka uliofuata serikali iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka 2009 nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Kiswahili chenyewe, lugha ambayo Biryogo iliizungumza kwa karne nzima, kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Hivyo katika nyumba moja bibi na mjukuu wanaweza kuitwa Amina wote wawili, bibi akawa amelisikia jina lake likisomwa na mwalimu wa Kifaransa, na mjukuu akalisikia likisomwa na mwalimu wa Kiingereza.

Amina wawili katika jina moja

Kabla ya kuulizia ndugu zake wa Kiingereza, ni lazima kwanza lijulikane jina lenyewe, na hapa kuna jambo ambalo hata wengi wanaoitwa hivyo hawalijui. Kiarabu kina majina mawili tofauti ambayo Kiswahili kimeyafanya kuwa moja.

La kwanza hurefusha irabu ya mwanzo, "Aamina", na maana yake ni mwanamke aliye salama, asiye na hofu. Hilo ndilo jina la Amina binti Wahb, mama yake Mtume Muhammad, ambaye kwa mujibu wa masimulizi ya Kiislamu alifariki mahali paitwapo Abwa, kati ya Makka na Madina, mwanawe akiwa na umri wa miaka sita. La pili hurefusha irabu ya kati, "Amiina", na maana yake ni mwanamke wa kuaminiwa. Hilo ni umbo la kike la Amin, sifa ambayo watu wa Makka walimpa Muhammad kabla ya utume kwa sababu ya uaminifu wake.

Kiswahili hakitofautishi maneno kwa urefu wa irabu kama Kiarabu kinavyofanya, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Majina yote mawili yalipofika pwani yakawa A-MI-na, na mzazi wa leo anapomchagulia mtoto jina hilo humpa usalama na uaminifu kwa mkupuo mmoja, pengine bila kujua.

Mzizi wa majina hayo ni herufi tatu za Kiarabu: alifu, mimu na nuni. Kutoka mzizi huo Kiswahili kimepata amani, amana, imani, amini, uaminifu na muumini. Ni ukoo mkubwa, na umeingia ndani ya lugha kiasi kwamba hakuna anayeuona kuwa mgeni: mtu huweka amana benki, huapishwa awe mwaminifu, na vijana wa mitaani husema "aminia" wakimpongeza mwenzao.

Katika sheria za Kiislamu, amani ni pia ahadi ya ulinzi ambayo mtu humpa mwingine anayekimbilia kwake. Maana hiyo si ya vitabuni tu mjini Kigali. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, baadhi ya Waislamu wa Nyamirambo na Biryogo waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini, na ushuhuda wa walionusurika umelirekodi jambo hilo. Wako pia Waislamu walioshiriki katika mauaji, na haingekuwa haki kuusimulia upande mmoja bila mwingine. Lakini katika mtaa wenye kumbukumbu hiyo, jina lenye maana ya "aliye salama" halisikiki kama pambo.

Amina ya kumalizia sala

Ndugu pekee wa damu aliye katika Kiingereza ni "amen".

Neno hilo ni la Kiebrania, na maana yake ya asili ni "hakika" au "na iwe hivyo". Waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki hawakulitafsiri kila mahali. Mahali pengine walilinakili kwa sauti yake, na wenzao wa Kilatini wakafanya vivyo hivyo, hadi likaingia katika Kiingereza cha kale. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za familia moja, na mzizi uliozaa "amen" upande mmoja ndio uliozaa Amina, amani na imani upande mwingine. Wazo la msingi ni uthabiti: kitu kisichoyumba, kinachoweza kuegemewa.

Waislamu wa Biryogo husema "amin" baada ya Sura ya Fatiha. Wakristo wanaosali kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili husema "amina". Kwa hiyo mtoto anayedhani majirani wanalitaja jina lake hajakosea sana. Anachosikia ni binamu wa jina lake. Neno la mwisho kabisa katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyochapishwa 1952, ni Amina.

Washairi wa Kiswahili waliliona hilo mapema. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, aliandika shairi la maombolezo lenye jina hilo. Msomaji anayelikuta jina hilo juu ya ukurasa hawezi kujua mara moja kama ameonyeshwa mtu au amesikilizishwa sala. Kwa Kiingereza utata huo hupotea, kwa sababu mfasiri hulazimika kuchagua.

Waingereza wenyewe hulitamka "amen" kwa namna mbili, ya kwanza ikianza na "aa" na ya pili ikianza na "ei". Ya kwanza husikika zaidi katika nyimbo za kanisani na katika ibada zenye taratibu za kale. Ya pili ni ya mazungumzo, hasa Marekani. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili asitafute kosa pale anaposikia zote mbili katika ibada moja.

Kuna dai ambalo husambaa sana mitandaoni kwamba "amen" limetokana na Amun, mungu wa Misri ya kale. Wataalamu wa lugha hawaliungi mkono: mzizi wa Kiebrania unajitosheleza, na una ndugu wengi wa Kisemiti wanaoushuhudia. Jambo la kushangaza ni kwamba Amun yumo kweli katika orodha hii ya maneno, ila si mahali ambapo watu humtafuta.

Yanayofanana bila undugu

Amun yumo katika "amino" na "amine".

Wagiriki na Warumi walimwita mungu huyo Ammon, na hekalu lake mashuhuri lilikuwa katika oasisi ya Siwa, jangwani magharibi mwa Misri. Chumvi iliyohusishwa na eneo hilo iliitwa chumvi ya Ammon. Katika karne ya 18 wanakemia waliita gesi kali inayotokana na chumvi hiyo amonia. Karne iliyofuata, misombo inayotokana na amonia ikapewa jina "amine", na "amino" likazaliwa kando yake. Harufu ya samaki aliyeoza hutokana kwa sehemu kubwa na misombo ya aina hiyo, taarifa ambayo huenda isimfurahishe msichana anayeliona jina lake kwenye kitabu cha kemia.

Asidi amino zina sifa njema zaidi. Ndizo matofali ya protini, na mwili wa binadamu hujenga protini zake kwa asidi amino za aina 20. Maharage, ambayo hayakosekani katika sahani ya Mnyarwanda, yanathaminiwa kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo hakuna njia yoyote inayotoka katika asidi hizo kwenda kwa Amina binti Wahb. Njia inaishia Siwa.

"Examine" lina kisa cha aina yake. Ukiliangalia kwa macho, utaona "amine" imekaa mwishoni, lakini asili yake ni Kilatini: "examen" lilikuwa jina la ulimi wa mizani, ile sindano inayoonyesha upande upi umezidi. Kumtahini mtu, basi, ni kumweka kwenye mizani. Wafaransa waliendelea kusema "examen", na Wanyarwanda wakapata "ikizamini", neno la mtihani ambalo kila mwanafunzi wa Biryogo analijua na kuliogopa. Anayelisikiliza kwa makini atasikia "amini" ndani yake. Ni bahati ya sauti tu. Mtihani na imani havina undugu katika Kiingereza, Kifaransa wala Kinyarwanda.

"Famine", yaani baa la njaa, lina herufi zilezile tano za mwisho za "amine", nalo limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya njaa. "Amenity", linalotumika kwa huduma au kitu kinachoyafanya makazi yapendeze, limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kupendeza. "Amend", kurekebisha, linatokana na kuondoa kosa. Wanasheria wanaolitumia kwa mabadiliko ya katiba hutumia maana hiyo hiyo. "Amenable", anayekubali kuongozwa, limepitia katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuleta au kuongoza. Maneno haya matatu ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu maana zake zinakaribia wema na utulivu, na kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani yametoka katika amani. Hayakutoka huko.

Kutoka jina la kiume Amin, Kiingereza kimebaki na kumbukumbu moja nzito: Idi Amin, aliyeitawala Uganda kati ya 1971 na 1979. Kwa Mwingereza wa makamo, jina hilo humleta mtu mmoja akilini. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki ni jina la watu wengi, akiwemo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwanazuoni na Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyefariki 1947.

Kina cha Kiswahili na kina cha Kiingereza

Swali la maneno yanayofanana kwa mwisho wake, yaani vina, linahitaji tahadhari, kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza havihesabu vina kwa kanuni moja.

Katika utenzi au shairi la Kiswahili, kina ni silabi ya mwisho. Kwa kanuni hiyo Amina hupatana na jana, sana, mwana na hata Rehema hawezi kuingia humo, kwa kuwa yeye ana "ma". Mshairi wa Kiswahili anayemsifu Amina ana hazina isiyokwisha. Kiingereza ni kibahili zaidi: kina chake huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Amina linahitaji neno linaloishia kwa sauti "-ina" yenye mkazo kwenye "i". "Banana", ambalo kwa sikio la Mswahili lingefaa kabisa, kwa Mwingereza halina kina na Amina.

Yapo maneno yanayotimiza sharti hilo, na ni mchanganyiko wa ajabu. "Arena" ni uwanja wa michezo wenye paa au wa mapambano. "Hyena" ni fisi. "Marina" ni bandari ndogo ya mashua za starehe, "ballerina" ni mwanamke mcheza baleti, "concertina" ni kinanda kidogo cha kukunja na kukunjua. "Subpoena" ni amri ya mahakama ya kumwita shahidi, na kwa kweli maandishi yake hayamwonyeshi msomaji kwamba hutamkwa "sapina". Miongoni mwa majina ya watu, nchi na miji wapo Tina, Christina, Sabrina, Argentina, na Madina kama Waingereza wanavyoutamka mji huo. Kwa Mwingereza asiyetamka "r" mwishoni mwa neno, huongezeka "cleaner", msafishaji, na "greener", enye ukijani zaidi. Mmarekani huitamka "r" hiyo, hivyo kwake maneno hayo mawili hayana kina na Amina hata kidogo.

Mwalimu anayewatungia watoto wimbo wa darasani hatapenda kumpa Amina kina cha fisi. Mtoto mmoja akikigundua, utani huo unaweza kudumu muhula mzima.

Amina na "Amaina"

Utani wa fisi ni mdogo ukilinganisha na tatizo jingine. Mzungumzaji wa Kiingereza anayeliona jina Amina kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ana njia mbili za kulisoma: "Amiina", au "Amaina".

Sababu iko katika historia ya Kiingereza. Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu ndefu za lugha hiyo zilihama mahali pake mdomoni. Iliyokuwa "ii" ikageuka kuwa "ai", lakini herufi iliyoiandika haikubadilika. Maneno yaliyokuwamo tayari, au yaliyoingia na kusomwa kwa kanuni mpya, yakapata "ai": ndiyo maana jina Dinah hutamkwa "Daina" ilhali Tina limebaki Tina, na China ikawa "Chaina". Maneno mengi yaliyokopwa baadaye kutoka Kiitaliano na lugha nyingine, kama "ballerina", yaliingia na sauti yake ya kigeni. Mji wa Regina nchini Canada wenyeji huuita "Rijaina". Katika jimbo la Ohio, Marekani, uko mji ulioitwa Medina ambao wakazi wake husema "Medaina".

Kwa hiyo anayesoma "Amaina" hajafanya uvivu. Amefuata mojawapo ya kanuni mbili zinazoshindana katika lugha yake. Matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo. Kwa matamshi ya London, "Amaina" husikika sawasawa na "a minor", mtu ambaye hajatimiza umri wa utu uzima, au "a miner", mchimbaji madini. Bibi mwenye wajukuu saba anaweza kuitwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege kwa sauti inayomtangaza kuwa mtoto.

Lugha nyingine tatu za Biryogo hazikuwahi kuleta mkanganyiko huo. Herufi za Amina husomwa karibu sawa kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Hapa jina hili lina bahati kuliko majirani zake. Kwa sababu ya maandishi ya Kifaransa, Juma huandikwa Djuma katika hati nyingi za Rwanda, Burundi na Kongo, Hadija huandikwa Hadidja, na Aisha huandikwa Aïcha. Msomaji wa Kiingereza akifika kwenye "ch" hiyo huisoma kama ile ya "chai". Majina yenye "l" nayo hukutana na desturi ya Kinyarwanda ya kutoitenga sana sauti hiyo na "r", na Salima akawa Sarima katika midomo ya wengi. Amina halina "j", halina "sh", halina "l" wala "r". Limepita vituo vyote bila kupekuliwa, hadi kilipofika Kiingereza.

Jina kwenye karatasi

Ili kumsaidia msomaji wa Kiingereza, Waislamu wa Asia Kusini wengi huandika Ameena, kwa kuwa "ee" haiwezi kusomwa "ai". Malaysia na Indonesia huandika Aminah, ile "h" ikiwa alama ya herufi ya mwisho ya Kiarabu. Waturuki husema Emine, Wabosnia Emina, na katika Afrika Magharibi jina limerefushwa kuwa Aminata. Wote hao ni mtu mmoja aliyebadilisha nguo.

Umbo moja linahitaji hadhari ya pekee. Katika nchi za Afrika Kaskazini zinazotumia Kifaransa, "Amine" ni jina la mwanamume: ni Amin lililoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, ambamo "e" ya mwisho haitamkwi. Msomaji wa Kiswahili atalitamka "A-mi-ne" na kudhani ni mwanamke. Msomaji wa Kiingereza atakumbuka kemia.

Ukubwa wa jina hauzuii tofauti hizi. Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2017, Amina Mohammed wa Nigeria, na Amina Mohamed wa Kenya, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2013, huchanganywa mara kwa mara, na kinachowatenganisha kwenye karatasi ni herufi moja ya jina la pili. Kwa watu wanaojulikana, kosa hurekebishwa na mhariri. Kwa mwanafunzi ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Amina na fomu ya mtihani ikajazwa Aminah, marekebisho huhitaji safari za ofisi, nauli na subira, kwa kuwa mashine inayolinganisha hati hulinganisha herufi, haijui ukoo wa maneno.

Nchini Rwanda jina la Kiarabu mara nyingi hutembea na jina la Kinyarwanda. Kwa desturi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda, si lazima lirithiwe kutoka kwa baba, na jina hilo huwa ni neno lenye maana iliyo wazi. Hapo ndipo panapopatikana jambo ambalo Kiingereza, pamoja na maneno yake yote yanayofanana na Amina, hakiwezi kulitoa. Uwamahoro, jina la wanawake wengi wa Rwanda, lina maana ya "wa amani". Mwizerwa lina maana ya "anayeaminiwa". Hayana hata silabi moja inayolingana na Amina, lakini la kwanza ni tafsiri ya karibu ya "Aamina" na la pili ni tafsiri ya "Amiina". Mwanamke wa Biryogo aitwaye Uwamahoro Amina amepewa jina moja mara mbili.

Kwa anayetaka tu kumfundisha Mwingereza namna ya kulitamka jina lake, neno "arena" linafaa kuliko yote: linaanza kwa "a" hafifu ileile, mkazo uko mahali palepale, na tofauti ni konsonanti moja, "r" badala ya "m". Kigali ina neno hilo kwa maandishi makubwa tangu Agosti 2019, ulipofunguliwa ukumbi wa michezo wa Kigali Arena katika eneo la Remera, ambao tangu 2022 huitwa BK Arena. Lakini abiria wa pikipiki anayetoka Biryogo kwenda huko humwambia dereva "Arena", kwa "e" iliyo wazi kama ya Kiswahili na Kinyarwanda, na katika matamshi hayo kina chake na Amina hakipo tena.